Goti Langu Halitachomwa

Kwako Baba,

Kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikumwambia mtu yeyote, hata Mama. Hukupona. Ulipochomwa goti lililokuwa likikuuma ulisema umepona, na nyumba nzima ikaamini. Mimi peke yangu nilikuona nyuma ya zizi la mbuzi, umekaa chini, umeuma kilemba chako ili usisikike.

Ulikuwa mwaka ule rais mstaafu alipofariki, na redio ya dukani ikapiga nyimbo za maombolezo siku nzima. Nilikuwa darasa la nne. Wiki moja kabla, Baba Mdogo alikuchoma kwa chuma chekundu, alama tatu kila upande, kama anavyomchoma ngamia anayechechemea. Uliponiona ulijifuta uso haraka.

"Usimwambie mtu," ulisema. "Ndugu yangu akijua mkono wake haukunisaidia, ataumia kuliko mimi."

Nikaapa. Kisha ukaniomba nikusomee kitabu changu cha shule. Nilisoma hadithi ya sungura mara mbili, mpaka ukaweza kusimama.

Siku hizi nacheza netiboli, Baba. Usicheke. Mwalimu alinichukua kwa sababu ya urefu huu ulionipa wewe. Mwezi uliopita niliruka kudaka mpira, nikatua vibaya, na kitu kikakatika ndani ya goti. "Maktaba imeanguka!" wasichana wakapiga kelele, maana hilo ndilo jina walilonipa kwa kupenda kwangu vitabu. Walicheka mpaka walipoona siwezi kunyoosha mguu.

Tangu hapo goti huvimba, na mara nyingine hukwama likiwa limekunjika. Nasimama njiani kama korongo hadi lifunguke. Daktari alisema gegedu limechanika. Ni kitu laini kama ncha ya sikio, kinachozuia mifupa isisagane. Nilikuwa nimeuona mchoro wake katika kitabu cha sayansi. Kipande kilichochanika kinafaa kutolewa kwa upasuaji huko Meru. Hakunificha kwamba huenda nisiruke tena kama zamani. Akanipa karatasi ya idhini, ili mlezi wangu aweke alama ya kidole.

Tangu utuache, mlezi wangu ni Baba Mdogo. Aliitazama karatasi kama nimemletea ngozi ya fisi.

"Wakukate kwa kisu? Jumamosi nitakuchoma mwenyewe. Baba yako nilimchoma, hakulalamika hata siku moja."

Mama alirudi kwenye sufuria yake. Mimi nikaikunja karatasi nikatoka nje. Unanijua, mgeni akija najificha nyuma ya mlango. Lakini nilikasirika, na sehemu ya hasira hiyo ni yako. Ulinyamaza kwa kumpenda ndugu yako, naelewa. Ila ukimya wako sasa unatumiwa dhidi ya goti langu. Sitaki kuwa jasiri namna yako. Sitaki kuuma kitambaa nyuma ya zizi halafu niitwe mtu aliyepona.

Kwa hiyo nakuaga pamoja na siri yako. Niliibeba miaka minne, na niliitoa kabla sijakuandikia, ili usipate nafasi ya kunizuia.

Jumamosi asubuhi chuma kilikuwa tayari motoni. Nilisimama mbele ya Baba Mdogo nikasema, "Baba hakupona."

"Mwongo wewe! Vitabu vimekuharibu."

"Kama alipona, kwa nini aliswali ameketi mpaka alipokufa?"

"Alisema ni mgongo."

"Haukuwa mgongo, Baba Mdogo."

Nikamweleza yote: zizi, kilemba, kiapo. Alimtazama Mama. Mama aliinamisha kichwa. Baba Mdogo akakitoa chuma motoni, akakilaza mchangani, akakiangalia hadi kikawa cheusi. Nilimhurumia, lakini sikurudi nyuma.

"Leta karatasi yako," akasema.

Nyumbani hapakuwa na wino. Alipaka kidole gumba masizi ya sufuria, akabonyeza mahali nilipomwonyesha.

Jumatatu mimi na Mama tulipanda lori la mbuzi hadi Meru. Karani wa hospitali aliinua ile karatasi akauliza, "Huu ni wino gani?" Nikamjibu kwa sauti ambayo watu wote kwenye foleni waliisikia: ni masizi, na kidole ni cha Baba Mdogo wangu. Akaipokea. Nikavua kiatu cha mguu mbaya, nikaingia wodini.

Ni mimi, binti yako wa pili,
yule aliyekusomea nyuma ya zizi.