Ramani ya Njiku Imefika Mezani Kwangu

Nairobi, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Naianza nayo kwa sababu juzi simu ilikatika kabla hujaniitikia, na siku nzima nilijiona kama mtoto aliyetoka nyumbani bila kuaga. Magoti yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea Mjomba Rajabu unaitumia, au umeifungia kabatini ikusubiri uugue zaidi? Na alizeti je, ndege wamekuachia kitu? Nasikia upepo wa mwaka huu huko ni wa kung'oa bati. Mimi sijambo, ila baridi ya asubuhi inanivalisha masweta mawili, na wenzangu ofisini bado wananicheka kwamba naongea Kiswahili kama msoma taarifa ya habari. Nawaambia mimi mtu wa Singida, kwetu hata chumvi tunaiomba hivi hivi.

Barua hii nimempa Juma, yule dereva wa lori wa Shelui, na ameniapia ataileta mwenyewe mpaka Mwankoko. Isome peke yako, polepole, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe Shangazi Mwajuma akusomee. Nampenda shangazi yangu, lakini mdomo wake unafika sokoni kabla yeye hajavaa viatu. Kwenye simu nisingeweza kuandika, maana simu yako inashikwa na kila anayepita kunywa maji, na neno nililonalo likitoka nje ya nyumba hiyo, kazi sina.

Neno lenyewe ni Njiku. Ndiyo, Mama, huyo huyo.

Najua watu wakikuuliza kazi yangu unawajibu "mambo ya umeme", wanadhani napanda nguzo. Ngoja nikueleze vizuri, maana bila hivyo hutanielewa. Ofisi yetu inapima nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu anayetaka kujenga ghorofa la familia nyingi anatuletea ramani. Sisi tunaangalia jua litaingilia wapi, upepo utapita wapi, ukuta utashika joto kiasi gani, na wapangaji watatumia umeme mwingi au kidogo kuwasha feni, na taa hata mchana. Mwisho jengo linapewa alama. Siku hizi wanaokopesha wajenzi wanadai hizo alama kabla hawajatoa mkopo. Wenye akili wanatuita mapema, jengo likiwa bado ni wazo, tunakaa na mchora ramani tunabishana mpaka chai inapoa, na nyumba inatoka nzuri. Wasio na akili wanachora wenyewe hadi mwisho, halafu wanakuja kutafuta muhuri tu. Njiku kaja kutafuta muhuri.

Wiki tatu zilizopita bosi wangu, mama mmoja wa hapa anayeitwa Wambui, aliniwekea ramani mezani. Akasema, "Zaituni, hii ni ya kwenu Singida. Jua la huko unalijua wewe." Ghorofa tatu, familia kumi na mbili, Mwankoko. Nikafungua picha ya kiwanja iliyopigwa kutoka juu. Nikaona lile jiwe kubwa tunaloanikia mtama. Nikaona bati lako. Nikaona kile kiwanja cha chini alichokiuza Baba, kimezungushiwa mstari mwekundu. Jina la mwenye mradi nililisoma mara mbili, nikaenda chooni kunawa uso.

Kazi yetu ina sharti. Ukiwa na undugu na mwenye jengo, au ugomvi naye, unasema, ramani anapewa mwingine. Nilitakiwa nimwambie Wambui palepale. Sikumwambia. Niliporudi kutoka chooni nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu ni wangu.

Habari ya ukuta unaijua kuliko mimi, lakini acha niiandike, maana sijawahi kuisema yote hata kwako. Nilikuwa darasa la sita, umenituma nimpelekee Baba chakula kwenye ghala la Njiku. Siku nyingi kabla ya hapo nilishamsikia Baba kwa masikio yangu akimwambia, "Bosi, huu msingi ni mfupi, na udongo wa hapa ni kichanga. Tuchimbe tena." Njiku akamjibu, "Wewe kazi yako kupanga tofali. Kufikiri niachie mimi." Mvua ya kwanza ukuta ukalala chini. Siku hiyo nafika na bakuli langu la ugali na mlenda, nakuta watu wamejaa, Njiku kashika pima maji ya Baba, ile ya mbao aliyoipenda kama mtoto. Akaitupa barabarani. Akapiga kelele, "Mtazameni fundi! Nenda kajenge mabanda ya kuku!" Watu wazima wakacheka, Mama. Mafundi wenzake wakacheka.  Baba aliinama, akaokota vipande, akaniambia, "Twende nyumbani, chakula kitapoa."

Baada ya hapo nani alimpa kazi tena? Singida ni mji wa watu wanaojuana. Alikaa pale kibarazani anachonga mipini ya majembe, mpaka akauza kiwanja cha chini, na aliyekuja kununua ni nani? Njiku. Tulipomzika, nilisikia mtu nyuma yangu anaulizwa, "Marehemu ni fundi yupi?" Akajibu, "Yule wa ukuta ulioanguka." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Haya, sasa sikia. Ramani ya Njiku ni mbovu. Si kwa sababu namchukia, ni mbovu kweli, hata Wambui aliguna. Kiwanja ni kirefu na chembamba, naye kalilaza ghorofa kwa urefu wake, vioo vitupu vinatazama machweo, bila hata kibaraza cha kuzuia jua. Wewe unalijua jua la saa kumi la hapo, linavyokufukuza na kigoda chako. Na upepo wote ule unaotuibia kanga kwenye kamba hauna pa kupitia, kwa sababu kila nyumba ina madirisha upande mmoja tu. Kompyuta yetu ilivipaka vile vyumba vya magharibi rangi nyekundu, vyote, kuanzia chini mpaka juu.

Nikuambie ukweli, kwanza niliwaza nimpitishie. Ajenge tanuri lake, wapangaji wamkimbie, ghorofa libaki la popo. Kilichonizuia si huruma kwake, thubutu! Niliwawaza watakaohamia, nesi, mwalimu, mwenye mtoto mchanga anampepea kwa upande wa kanga. Hao hawajanikosea kitu.

Kisha tukafanya naye kikao kwa video. Kazini natumia jina la Babu, na mara ya mwisho Njiku kuniona nilikuwa na sare ya shule, kwa hiyo hakunitambua. Kazeeka, ana kitambi na miwani. Nikamwamkia shikamoo, Mama, kwa sababu ulinilea. Akaitikia, "Marahaba, mama mhandisi, marahaba sana." Sauti tamu kabisa.

Nikamwuliza, "Mzee, upande wa mashariki wa kiwanja chako kuna nini?"

"Hapo? Kuna kijumba cha bibi mmoja. Hakina shida, mhandisi. Ghorofa likisimama ataondoka mwenyewe."

"Mnafahamiana?"

"Aa, mjane wa fundi mmoja aliyewahi kuniangushia ukuta." Akacheka. Wambui naye akatabasamu kwa adabu, maskini, hajui lolote. Mimi niliandika "kijumba" kwenye daftari, nikalipigia mstari na kulipigia mstari hadi karatasi ikatoboka.

Siku iliyofuata nikaandika ripoti. Jengo halipiti. Ligeuzwe, pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Hilo ni kweli tupu, mshauri yeyote wa nishati angeanza na hilo. Lakini kiwanja chake hakina upana huo. Likigeuzwa, ghorofa linahitaji kipande cha mashariki, kuanzia kwenye jiwe la mtama hadi kwenye choo cha zamani. Kipande chako. Chenye hati ya jina lako, ile uliyonung'unika nilipokusumbua uifuatilie. Wanaomkopesha wamempa hadi mwisho wa mwezi ujao. Akitafuta washauri wengine ataanza upya, na muda huo hana. Kwa hiyo sasa Njiku anamtegemea yule bibi wa kijumba. Wallahi, tangu Baba afe sijawahi kula chakula kikanipita vizuri kama siku ile nilipoituma ripoti.

Mchora ramani wake ameniambia Njiku mwenyewe anajiandaa kuja kwako. Atakuja na sukari na kanga, atakuita mama, ataulizia magoti. Mkaribishe, mpe kiti, mpe maji. Akitaja bei, mwambie kiwanja hakiuzwi, unyamaze. Mwache aongee mwenyewe mpaka maneno yamwishie. Akishaanza kubembeleza, mwambie unataka kitu kimoja tu. Aende pale wanapokaa mafundi wakisubiri vibarua, saa za asubuhi wakiwa wengi, Mjomba Rajabu na mwenyekiti wa mtaa wakiwepo. Aseme kwa sauti kwamba msingi ule ulikuwa wa amri yake, na kwamba fundi Hassani alimkataza. Basi. Wapo waliocheka siku ile ambao bado wanakaa palepale. Nataka wao wasikie.

Najua unaniuliza, akishasema, ndiyo nimpe kiwanja changu? Hapana, Mama. Humpi hata hatua moja. Ndiyo maana kwenye bahasha kuna karatasi ya pili, hiyo iliyokunjwa peke yake, yenye mchoro wa kalamu ya bluu. Ipo njia nyingine ya kuliponya lile jengo, na hakuna anayeijua ila mimi, na sasa wewe. Libaki lilivyolala. Ngazi, vyoo na stoo vihamie magharibi vipokee jua, vibaraza viongezwe kina, yawekwe matofali ya matundu, kila nyumba ipate madirisha pande mbili upepo upite. Nimelipima hivyo mara tatu. Linapita, na wapangaji watalala vizuri, na jua lako la asubuhi na mtama wako hakuna atakayevigusa.

Sheria yetu ni kwamba mteja anapewa njia zote. Wambui aliniuliza, "Kwani hakuna njia ingine, Zaituni?" Mama wa watu, aliyenichukua nikiwa sijui hata kuwasha mashine zao. Nikamtazama usoni nikamwambia hakuna. Hilo linaniuma, nakuficha nini. Akijua, atanifukuza, na atakuwa na haki. Pia najua Njiku asipojenga, familia kumi na mbili zitaendelea kuhangaika na vyumba vya kupanga hapo mjini. Nimelibeba hilo nalo. Lakini Njiku mwenyewe haniumi hata kidogo, na usinitafutie dua ya kumhurumia.

Utaniambia, kama ulivyoniambia siku zote, nimwachie Mungu. Nilimwachia, Mama. Miaka yote hiyo nilimwachia, na Mungu akaileta ramani mezani kwangu.

Nisalimie Mjomba Rajabu, ndugu yako asiyezeeka, mwambie siku hiyo avae ile kanzu ya Idi, maana ni shahidi. Nisalimie Dada Asha, mwambie mwanangu ninayemlea kwa simu, yaani mtoto wake wa mwisho, aache kunitumia picha za viatu, nimeshaelewa. Msalimie Mama Elia jirani, aliyekaa na wewe siku zote za msiba bila kwenda kwake. Shangazi Mwajuma naye mpe salamu nyingi, na akiuliza barua ilisema nini, mwambie ilikuwa ya magoti.

Mama, akilitaja jina la Baba vizuri mbele ya watu wale, mpe hiyo karatasi. Akilipitia harakaharaka, au akicheka, itie motoni. Na hata akilitaja vizuri kabisa, ukasikia moyo wako bado umekataa, itie motoni vilevile, umimine chai yako ukae. Sitakuuliza ulifanya lipi. Nakala nyingine haipo, hata kwenye kompyuta nimeifuta.

Ni mimi uliyenizaa na fundi Hassani,

Zaituni