Feni ya Shangazi Iliyokuwa Ikigonga

Kibiti

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu za amani zikufikie huko chuoni. Sisi wazima. Babu yako yuko Mbwera anavuna mpunga, na mama yako homa imemwacha.

Umeniuliza nilipataje ujasiri wa kuingia kwenye ufundi. Ni feni iliyonitia ujasiri huo, miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kujaa madukani. Shangazi yangu, mshonaji hapa Kibiti, alikuwa na feni ya chuma ya zamani aliyoachiwa na marehemu mumewe. Siku moja ikaanza kugonga. Fundi redio akaitazama, akasema, "Mota imekufa. Nunua mpya." Shangazi akalia.

Nikamwambia, "Niachie mimi." Fundi akacheka, akaenda zake.

Nikaiwasha, kisha nikaizima. Mapanga yakaendelea kuzunguka bila umeme, na mlio nao ukaendelea. Basi kosa halikuwa la umeme! Nikachomoa plagi, nikayazungusha kwa kidole, polepole, sikio karibu. Panga moja lilikuwa limepinda, linagusa wavu. Nikalinyoosha, nikakaza skrubu.

Tulipoiwasha, ikavuma taratibu na vitambaa vikapepea. Shangazi akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Fundi hakuwa mtu mbaya, mjukuu wangu. Ni vile tu hakuwa ameisikiliza. Akarudi, akaiinamia akatega sikio, kisha akaniambia, "Binti, kesho njoo kibandani kwangu. Nina redio tatu zimenishinda."

Kesho yake nilifika kabla hajafungua.

Nakuombea heri,
Bibi yako Mwanaisha