Sheria ya Pamba

Kabambare, Jumapili, jua halijazama

Wacheke tu! Mwezi muzima nilijifunza ile hotuba ya kupokea wakwe wa dada yangu Sofia. Niliisema peke yangu mu shamba la muhogo mpaka ikakaa kichwani. Leo nikasimama kama tulivyofundishwa ku misioni: mikono nyuma, macho juu, bila kupumzika mpaka mwisho. Sikukosa neno hata moja.

Hakuna aliyeitika.

Kisha akasimama musemaji wao, mulimaji asiyejua kuandika jina lake. Akasema kidogo, akanyamaza, akangoja. Watu wote: "Eeeh!" Akasema tena, akangoja. Hata mama yangu aliitika. Mama yangu mimi!

Na muzee mumoja wa kwao akaniuliza mbele ya wote: "Mwalimu, umesimama kutusomea sheria ya pamba?" Wakaanguka kwa kicheko. Maana hapa kwetu anayesema bila kungoja jibu ni mutu mumoja tu: karani wa Bwana Mukubwa, yule Muzungu wa serikali, siku ya kuamrisha watu walime pamba.

Nilitaka kumupiga, kweli.

Sofia akanifuata nyuma ya nyumba. "Kaka, ulisema muzuri. Lakini haukutuachia nafasi ya kukujibu."

Nafasi! Juzi mu darasa langu mwanafunzi mumoja alikuwa anasimulia hadithi. Akanyamaza katikati, akangoja, na wenzake wote wakaitika "Eeeh!"

Nilimuchapa fimbo tatu.