Maneno Yangu Bungeni

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Kikohozi kimemwacha Mama, na mahindi ya shamba la juu yameanza kubeba.

Siku ile ulipohutubia bunge, tulikuwa sokoni tunaparua samaki, redio imewashwa. Ukasema, "Mheshimiwa Spika, mvuvi asiye na umeme anawavulia nzi." Wanawake wakaweka visu chini, wakapiga vigelegele.

Nikawaambia, "Maneno hayo ni yangu. Nilimwambia jikoni kwangu, alipokuja kuomba kura."

Wakacheka. Muuza barafu akasema, "Dada, huo sasa ni wivu."

Hakukosea. Mimi niliacha shule ili wewe usome, nawe umesimama mbele ya taifa na akili yangu mdomoni. Jioni ile niliomba hoja yako ya umeme ianguke, ingawa samaki wanaooza ni wangu. Sijamwambia mtu mwingine.

Hoja ikapita. Jana nguzo za umeme zilishushwa hapa sokoni, na fundi akauliza chumba cha baridi cha samaki kijengwe wapi. Wakamwambia, "Muulize dada wa mbunge." Miaka ishirini nauza samaki hapa, leo nimekuwa dada wa mbunge. Nikamwonyesha mahali pasipofika maji ya mafuriko, kisha nikarudi nyumbani nikalia.

Nasikia sasa utaomba pampu za kumwagilia mashamba. Hilo nalo unajua ulilitoa wapi. Ukisimama, anza na "dada yangu aliniambia." Ni maneno matatu tu, Spika hatakukatiza.

Ni mimi dada yako, muuza samaki.