Nilivyoshona Mabawa ya Ndege

Mpendwa Nekesa,

Barua yako imenifurahisha, mjukuu wangu. Hapa Hurlingham tu wazima. Mama yako amepona mafua na sasa anaimba kutwa.

Unauliza kwa nini ndege za upelelezi za kati ya vita vikuu viwili ziliendelea kuundwa zikiwa na mabawa ya juu na ya chini. Nilipata jibu nikiwa msichana, fundi cherehani pale Kenyatta Market. Rubani mmoja mzee alikuwa akifufua ndege ya aina hiyo, akanipa kazi ya kushona kitambaa cha kufunika mabawa.

Nilipomaliza akasema, "Aliyeshona ndiye apande kwanza."

Niliketi kwenye kiti cha nyuma, cha mpelelezi. Uzi ulishika! Tulipaa polepole, nikaona kuku, nguo kwenye kamba, mama mmoja akitupungia leso.

"Mabawa mengi huibeba ndege hata ikienda polepole," rubani alipaza sauti, "ili mpelelezi aone!"

Nilicheka hadi machozi. Miaka mitatu nilikuwa nimekimbia huku na huko katika mji huu bila kuutazama. Tuliposhuka nilirudi sokoni kwa miguu, polepole, nikisalimia kila mtu.

Soma, mama, na ule vizuri.

Kukhu wako,
Rosa