Uwanja wa Vigari Nilioujenga Mara Mbili

Jumatatu, 5 Agosti

Leo kona ya tano na kilima cha pili. Byamungu, msaidizi wangu wa miaka yote, alichanganya saruji, mimi nikashika mwiko. Nivo, usawa wa sakafu, imetulia kama maji ndani ya sahani. Hakuna fundi mwingine hapa mtaani kwetu Kilibula wa kufanya hivi. Nasema bila aibu.

Uwanja ni wa vigari vya telekomande, vile vyenye matairi ya meno, vinavyoruka vilima huku mwenyewe amesimama mbali na kisanduku mkononi. Binti yangu Aline anaendesha kimoja. Mvua zilizopita, maji ya mlimani yalibeba uwanja wa udongo wa klabu yao hadi ziwani. Mara mbili. Ndipo wakataka uwanja mgumu, na Aline akawaambia baba yake ataufanya. Tarehe 25 watu wa Bujumbura wanavuka mpaka kuja kushindana. Haijawahi kutokea waje kwetu.

Kitu cha kuchekesha: Aline anataka niache saruji hivyo hivyo, mikwaruzo yote, bila kulainisha. Sakafu zangu mtu anajiona sura. Siachi kazi ya aibu nje, mbele ya wageni.

Jumatano, 7 Agosti

Nimemaliza. Nilinyunyiza saruji kavu juu ya ile mbichi, nikazungusha mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Inang'aa. Majirani wamekuja kuangalia. Mke wangu amesema hata sebule yetu haijafika hapo.

Aline aliangalia, akaenda kuchaji betri. Hata asante. Watoto wa sasa.

Jumamosi, 10 Agosti

Siku mbaya.

Walijaribu. Kigari cha kwanza kilifika kona ya kwanza, kikagoma kukata. Kilienda moja kwa moja kama sabuni iliyoponyoka bafuni. Cha pili vilevile. Upepo wa ziwani ulikuwa umemwaga vumbi kidogo juu, basi ikawa balaa tupu. Cha Aline kiligonga nguzo, gurudumu la mbele likang'oka.

Deo, prezida wa klabu yao, mwalimu wa fizikia asiyepandisha sauti, alisema ataandikia Bujumbura mashindano yafanyikie kwao. Yakienda kwao hayarudi huku. Kila mtu pale alijua.

Mbele ya watu wote Aline akanigeukia. "Papa, minye nilikuambia. Gari haiko mugeni wa kuikalisha mu salon."

"Weye unajua gari," nikamjibu. "Minye najua simenti."

Nikaondoka. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo.

Jumapili, 11 Agosti

Aline hanisemeshi. Nasikia kwa mama yake kwamba alimwomba Deo asiandike kwanza, na Deo amempa hadi tarehe 22. Alimwahidi kwamba baba yake atarekebisha. Hakuniuliza.

Baada ya misa tulienda kumwona dada wa mke wangu, amejifungua. Mteremko wa kuingilia materniti niliujenga mimi, miaka sita iliyopita. Niliupanda na viatu vyangu vya misa, soli laini kabisa, nikiwaza mambo mengine. Sikuteleza. Nikasimama katikati, mke wangu akadhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Siku ile nilipitisha ufagio juu ya saruji ikiwa bado mbichi, kwa kukatiza mteremko, ibaki na michirizi. Kwa sababu pale wanapita wanawake wenye mimba na sandale za plastiki zilizolowa. Hakuna aliyeniagiza. Niliwaza miguu yao. Kwenye uwanja wa vigari niliwaza jina langu tu.

Sijamwambia mtu. Nimeona haya.

Jumatatu, 12 Agosti

Nyundo na patasi. Saruji iliyolainishwa haishikani na saruji mpya, lazima uidonoe uso mzima kwanza, tundu kwa tundu. Byamungu alidhani natania.

Majirani walewale waliokuja kusifu wakaja kuuliza kama nimelogwa. "Fundi, unabomoa kazi ya mikono yako?"

"Iko yangu," nikasema. Nikainua nyundo.

Kila pigo liliniuma. Pale kona ya tano, palipong'aa kuliko pote, nilimwomba Byamungu apige yeye.

Jumatano, 14 Agosti

Malengelenge. Bado robo. Aline alipita juu ya moto, pikipiki ya abiria, dereva akapunguza mwendo ili atazame. Hakushuka.

Ijumaa, 16 Agosti

Kudonoa kumeisha jana. Leo tumeosha vumbi, tumemwaga tabaka jipya. Mchanga mnene wa mto Kalimabenge safari hii, si ule mwororo wa ufukweni. Kuanzia saa nane nikapitisha ufagio, kwa kukatiza njia, kona kwa kona.

Mkono unautaka mwiko. Miaka thelathini imezoea hivyo. Mara mbili niliushika, mara mbili nikaurudisha kwenye ndoo. Mwisho nikampa Byamungu, nikamwambia aende nao kwake mpaka nitakapouomba. Alicheka mpaka akakaa chini.

Ni kazi mbaya kwa macho. Lakini ni kazi nzuri, najua sasa.

Jumamosi, 17 Agosti

Bomba kavu. Saruji mpya isipopata maji inapasuka, na jua la kiangazi hiki halimhurumii mtu. Tuliifunika kwa magunia, tukaanza kubeba maji ziwani, mimi na Byamungu, wanaume wawili kwa uwanja wa hatua arobaini. Kufika saa nne asubuhi nilianza kuogopa. Naandika neno hilo hapa kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Saa tano Aline alikuja na wenzake wa klabu, kila mmoja na madumu. Hakuomba msamaha, nami sikuomba. Alipiga goti, akainua gunia, akapitisha kiganja.

"Sasa hii iko njia, Papa."

Walibeba maji mpaka jioni. Tutaendelea hivyo kila siku.

Alhamisi, 22 Agosti

Hakuna ufa hata mmoja. Deo alileta kigari chake mwenyewe. Kona ya kwanza kilikata. Ya pili kikakata. Kikaruka kilima, kikatua, kikaendelea. Nilikuwa nimeshikilia ua wa mabati kwa nguvu mpaka kiganja kikakwaruzika.

Deo ameandikia Bujumbura. Waje.

Jumapili, 25 Agosti

Walivuka mapema, maana lazima warudi kabla mpaka haujafungwa. Mmoja wao, mtu mzima mwenye kofia ya kijani, aliinama kupapasa saruji kabla hata ya kusalimia watu. Akauliza fundi ni nani. Aline akanionyesha kwa kidevu. Nilijifanya natazama pembeni.

Mtu wa kofia alishinda. Aline wa pili. Alikuwa nyuma yake kabisa, akikata kona ya tano kwa ndani kila mzunguko, karibu mno na ukingo. Amekasirika kuwa wa pili. Karithi kwangu. Mimi nimefurahi kiasi cha kuona aibu. Wageni wametaka tarehe nyingine hapahapa, kabla ya mvua.

Jumatatu, 26 Agosti

Nilikwenda asubuhi peke yangu na ndoo, brashi na sabuni. Deo alikuwa amesema jana wasioshe, mpira wa matairi uliobaki juu ya saruji ndio unaoshika. Nilimsikia. Lakini sijawahi kuacha sakafu yangu chafu, na watu wangekuja kuiona.

Kuna mistari myeusi sasa, inazunguka uwanja wote. Niliifuata kwa miguu kuanzia mwanzo. Kwenye kona ya tano inajikusanya kuwa mstari mmoja mnene. Mmoja mwembamba umejitenga, uko ndani zaidi, vidole viwili kutoka ukingoni.

Nilikaa hapo muda kidogo. Kisha nikafagia majani ya nje, nikamwagia maji ya ndoo mparachichi wa jirani, nikarudi nyumbani kunywa chai. Aline alikuwa bado amelala.