Tai ya Kahawia

Kigali, 9 Juni 1992

Kwako Shangazi,

Hujambo huko Ngara? Mguu umepona? Mimi mzima, ila shingo inauma, na tai yako ndiyo iliyoniponza.

Madamu Générose, mwenye duka la nguo za kike ninakouza, ametaka wauzaji wote tuvae tai ili wateja watamani. Ile nyekundu uliyonishonea ilipendeza ajabu na shati jeupe. Jioni nikirudi Kicukiro, vijana wa chama fulani wakanizuia. "Wewe iko chama gani?" Nikasema mimi iko muuza duka. Mmoja akaivuta tai mpaka nikakosa pumzi. Kumbe nyekundu ni ya wapinzani wao! Kijani nayo ina wenyewe, na njano vilevile.

Bila tai nitafukuzwa kazi. Nitafutie rangi isiyo na mwenyewe.

Mwanao,
Uwamahoro

Ngara, 28 Juni 1992

Mwanangu mpendwa,

Mguu umepona, sasa ni moyo unaouma. Wakukabe kwa sababu ya kitambaa? Nimekasirika hadi nimeharibu suruali ya mteja.

Nimekata kitenge changu cha kahawia, kile nilichokubebea mgongoni. Kimechakaa, hakuna chama kitakachokigombania. Vaa na shati la krimu. Fundo liwe dogo, maana shingo yako fupi kama yangu, na ncha iishie kiunoni. Usiiache ining'inie kama ya karani mlevi.

Shangazi yako,
Kabagwira

Kigali, 15 Novemba 1992

Kwako Shangazi,

Salamu nyingi. Zile tai sita za kahawia ulizoongeza zimeuzwa zote! Kila mteja namfundisha fundo lako. Vijana waliniuliza tena ni tai ya chama gani. Nikasema ni ya shangazi yangu. Wakacheka, nikapita.

Mwanao,
Uwamahoro

Kigali, 20 Februari 1994

Kwako Shangazi,

U mzima? Nisamehe kwa kimya. Jana wale vijana walinizuia. Nilikuwa na tai yako, jibu langu mdomoni. Hakuna aliyeitazama. Walitaka kitambulisho. Mmoja akasoma mstari wa kabila, akaniangalia usoni, akasema, "Reo pita." Kesho sijui. Naogopa, Shangazi.

Mwanao,
Uwamahoro

Ngara, 14 Machi 1994

Mwanangu,

Leo sikuulizi hali. Panda lori la dereva huyu aliyekuletea barua. Acha kazi, acha nguo. Chumba chako nimekifagia.

Shangazi yako

Ngara, 2 Mei 1994

Mwanangu Uwamahoro,

Hujambo? Dereva alirudi peke yake, akasema uliomba umalizie mwezi ulipwe mshahara. Nilikulaani siku hiyo, Mungu anisamehe. Sasa malori hayaendi tena, na barua hii sina wa kumpa.

Tangu Alhamisi watu wanavuka mpaka kwenye daraja la Rusumo kwa maelfu. Nakaa kando ya barabara. Nyuso zimejaa vumbi, naogopa utapita nisikutambue, kwa hiyo nawatazama shingoni.

Jana nikaiona tai ya kahawia. Nikakimbia, nikamkumbatia aliyeivaa kabla sijamtazama usoni. Hakuwa wewe. Alikuwa mteja wenu, na hajui ulipo. Alikuwa amepoteza kila kitu, ila tai bado ilikuwa shingoni, na fundo lilikuwa dogo, kama nilivyokufundisha.

Kesho nitakuwa palepale. Ukija, mwanangu, uwe umeivaa.

Shangazi yako,
Kabagwira